Barua ya wazi kwa vijana wanaosubiri kusaini mikataba ya soka

Wanangu,

Dirisha la usajili limefunguliwa, na najua wapo kati yenu wanaohimizwa na mawakala wasaini upesi. Kabla ya hapo nisikilizeni habari za John Montgomery Ward, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1860.

Tarehe 17 Juni 1880, akiwa na miaka 20 na mrushaji wa klabu ya Providence, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, aliwakabili wapigaji wa klabu ya Buffalo mechi nzima na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, hatua ya mwanzo ya kutafuta alama. Miaka michache baadaye mkono wake wa kulia uliumia, akabadili nafasi. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1885, huku akiichezea New York, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia.

Elimu hiyo ilimfumbua macho. Mikataba ya enzi zake iliipa klabu haki ya kumshikilia mchezaji hata muda wake ukiisha. Angeweza kuuzwa, ila yeye mwenyewe hakuweza kuhama. Mwaka huohuo wa 1885 Ward na wenzake wakaunda chama chao. Mwishoni mwa 1888, akiwa kwenye ziara ya kuzunguka dunia, wenye klabu wakapitisha mpango wa kuwagawa wachezaji kwa madaraja, wa daraja la juu asizidi dola 2,500 kwa mwaka.

Wachezaji wakajibu kwa kuanzisha ligi yao mwaka 1890. Ward alishtakiwa na klabu yake ya zamani, na mahakama ya New York ikakataa kumzuia asichezee ligi hiyo mpya. Hata hivyo ligi ilidumu msimu mmoja tu, kwa sababu waliotoa mitaji walielewana na wenye klabu za zamani, wachezaji wakaachwa. Inaniuma kila ninapoikumbuka. Ward alistaafu mwaka 1894, akafanya kazi ya uwakili. Kifungu kile cha kumshikilia mchezaji kiliendelea kuwabana wachezaji hadi 1975.

Basi, wanangu, ombeni nakala ya mkataba mwende nayo nyumbani. Kama lugha yake inakushinda, tafuta wa kukusomea asiyelipwa na klabu wala wakala. Tazama unaisha lini, nani ana uamuzi wa kuuongeza, na ukivunjika mguu nani atalipa matibabu. Ukiambiwa karatasi haitoki ofisini, usisaini siku hiyo. Rudi na mzazi au mwanasheria. Na wewe uliyeacha shule kidato cha pili, nenda kaulizie masomo ya jioni wiki hii.

Ni mimi mzee wenu.