Maneno ya Kifaransa yafundishwe kwa koo zake, si kwa alfabeti

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa Kifaransa, pamoja na wanaojifunza wenyewe, waachane na orodha ndefu za maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Orodha ya aina hiyo huweka jirani maneno yasiyohusiana kwa maana wala kwa sauti, mwanafunzi akayakariri usiku na kuyasahau asubuhi. Anayesema Kiswahili amezoea kuona “pika” ikizaa mpishi, mapishi na pikia. Kifaransa nacho kina koo za maneno, na koo hizo hufundisha maana, tahajia na matamshi kwa pamoja.

Ningeanza na konsonanti ya mwisho, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Katika “petit”, t ya mwisho haitamkwi. Katika “petite” inasikika waziwazi. Ndivyo ilivyo kwa “grand” na “grande”, “dent” (jino) na “dentiste”, “lait” (maziwa) na “laitier”. Jozi hizi ziandikwe pamoja na zisomwe kwa sauti pamoja, ili neno refu limkumbushe mwanafunzi herufi iliyojificha katika neno fupi. Kosa linalojitokeza sana ni kuongeza irabu mwishoni, “petite” ikawa “petiti”, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Ulimi uguse t, uachie, sauti iishe hapo hapo.

Irabu za puani zinadai subira zaidi. Katika “bon”, n haitamkwi. Iko pale kuonyesha kwamba pumzi ya irabu ipite puani pia. Ukisikia “boni”, ncha ya ulimi imegusa ufizi. Ukisikia “bong’”, sehemu ya nyuma ya ulimi imepanda hadi kwenye kaakaa. Ulimi ukae chini mpaka sauti iishe. Zoezi bora ni jozi tena: bon/bonne, fin/fine, plein/pleine, an/année. N ikifuatwa na irabu, au ikiandikwa mara mbili, kwa kawaida upua hutoweka na n yenyewe husikika. “Ennui” halifuati kanuni hii, kwa hiyo lifundishwe peke yake.

Viambishi tamati navyo vina faida kubwa, kwa sababu hutaja jinsia ya nomino. Karibu maneno yote yenye -tion ni ya kike; “bastion” ni kighairi. T yake husomwa s, kama katika “nation”, lakini ikitanguliwa na s hubaki t: “question”, “gestion”. Maneno yenye -age mengi ni ya kiume: le village, le voyage, le fromage. G hiyo hutamkwa kama sh, ila koo litetemeke. Page, plage, cage, rage na image ni ya kike, kwa sababu -age humo si kiambishi bali ni sehemu ya shina. Mwanafunzi akielezwa hivyo, hataona kwamba amepewa vighairi vya kukariri bila sababu.

Vielezi vingi huundwa kwa kuchukua kivumishi katika umbo la kike na kuongeza -ment: lent, lente, lentement; heureux, heureuse, heureusement. Mwisho huo hutamkwa kwa irabu ya puani bila t. Tahadhari moja: katika kitenzi “ils parlent”, -ent haitamkwi kabisa, na wanaoisoma kama mwisho wa kielezi ni wengi mno.

Kwa siku moja, muundo mmoja wenye maneno matano au sita unatosha. Yasikilizwe kwanza kutoka kwa msemaji hodari au kwenye rekodi, yarudiwe kwa sauti, kisha ndipo yaandikwe. Anayeanza na maandishi huzisoma herufi zote, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Nawe, Mhariri, ukichapisha msamiati wa Kifaransa, tafadhali usiiache nomino bila kibainishi chake, yaani le au la, un au une. Inapoanza na irabu, chapisha “une image”, si “l’image”, kwa sababu l’ huificha jinsia.

Mwalimu wa Kifaransa