Jotoardhi ni nishati safi, ila kisima kinataka kurudishiwa maji

Wateja wanaotuita tuwazibulie mabomba huuliza swali moja kabla hatujafungua vifaa: kama nishati hii ni safi, uchafu huu umetoka wapi?

Swali ni la haki. Ukikata kipande cha bomba lililopitisha maji ya kisima cha jotoardhi, ndani utakuta gamba jeupe, gumu kama kaure, limejipanga tabaka juu ya tabaka mpaka njia ya maji imebaki nyembamba. Hiyo ni silika, madini yaliyomo kwenye mwamba. Maji yakiwa chini kwenye joto kali huyayeyusha madini hayo kutoka mwambani. Yakipanda na kupoa hushindwa kuibeba silika yote, nayo huganda ukutani mwa bomba. Ndiyo maana tunawasihi wateja wasiyapoze maji kupita kiasi kwa kutafuta joto la mwisho mwisho.

Usafi wenyewe uko kwingine: hakuna kinachochomwa. Joto liko ardhini tayari. Kwa wastani, kila ukishuka kilomita moja linaongezeka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na penye volkano huongezeka haraka zaidi. Mvuke huzungusha turbini usiku na mchana, jua liwake lisiwake. Mwaka 1904 huko Larderello, Italia, uliwasha balbu tano tu. Kenya ilianza na mtambo wa megawati 15 Olkaria mwaka 1981, na sasa takriban asilimia 40 ya umeme wake unatokana na jotoardhi. Sisi tunaoshika mabomba haya kila siku tunaiamini nishati hii kwa dhati.

Gesi zipo, hatufichi: hewa ukaa, na haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Ila ni kidogo sana ukilinganisha na makaa ya mawe.

Kinachotuuma ni kisima kunyonywa bila kurudishiwa. Kule The Geysers, eneo la visima vya jotoardhi huko California, mvuke ulianza kupungua mwishoni mwa miaka ya 1980, kwani uliotolewa ulizidi maji yaliyorudi. Tangu 1997 maji taka yaliyosafishwa hupelekwa huko kwa bomba na kuingizwa ardhini, na kasi ya kupungua ikashuka. Moto wa chini ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni maji.

Kwa hiyo tukija kwako tunaanza na kisima cha kurudishia, kabla ya kile cha kutolea. Maji yaliyopoa hupita huko, na huko ndiko silika hupenda kukaba. Tunapima presha na kiasi cha maji, tunalinganisha na vipimo vya awali. Presha ikipanda huku maji yanayoingia yanapungua, gamba limeshaanza. Tuite hapo hapo, likiwa bado laini na linang'oka kwa maji ya presha. Likishakuwa kaure, tutakuja na msumeno.