Mbegu ya Nyasi Iliyoungua Shambani

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Gongoni alikuja dukani kwetu na mfuko mtupu wa mbegu ya Brachiaria, nyasi ya kulishia ng'ombe. "Mliniambia Brachiaria yahimili jua. Imeota, imeungua. Nipeni pesa zangu." Hasira yake tuliielewa, ng'ombe wake wanashinda na njaa. Tukamuuliza, mzee wetu, ulipanda lini? Akasema Februari, katikati ya kaskazi, akimwagilia kwa ndoo kila jioni.

Brachiaria asili yake ni Afrika. Hata aina yake ya Mulato II, ingawa ni chotara iliyotengenezwa Colombia, wazazi wake ni wa huku. Nyasi kama hizi hunawiri joto likiwa nyuzi 30 hadi 35, kwa hivyo joto la hapa Malindi si geni kwazo. Lakini jani hujipoza kwa maji yanayopandishwa na mizizi. Mche wa siku kumi una mzizi mfupi kama kidole, na mbegu yenyewe ni ndogo, haifukiwi zaidi ya sentimita mbili. Saa sita mchana mchanga wa hapo juu umeshakauka na unachoma. Tukisema nyasi inahimili joto, twasema ile iliyokwisha kushika ardhi.

Wengine hukimbilia vya bure. Mteja wa Marafa aliletewa na shemeji yake wa Kiambu magunia mawili ya vipande vya nepia, ile nyasi ndefu ya malisho. Nepia haikatai joto, inakataa kiu. Kando ya Mto Sabaki ingemea vizuri. Kwenye kichanga chake ilikauka yote, akalipa trekta mara ya pili. Sasa amepanda nyasi ya Cenchrus, ile ya shuke kama mkia wa mbweha, na anakata. Oti za nyanda za juu ndizo msituulize kabisa: zinataka baridi, hapa zinadumaa.

Bei yetu iko juu kuliko ya sokoni, ni kweli. Kila gunia likifika tunahesabu mbegu 100, tunazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili. Zikiota chini ya nusu, gunia linarudi lilikotoka. Mwaka jana kijana alituletea mbegu ya nyasi ya Boma Rhodes ya bei poa aliyonunua kwingine, tukampimia bila malipo: ziliota 16. Mbegu ile ni nyepesi, makapi yake huwezi kuyatambua kwa macho, na kilo ni kilo. Yeye alilipia makapi, akalipia na vibarua wa kuyapanda.

Kuanzia sasa, kati ya Januari na mvua za masika hatutamuuzia mbegu anayetegemea mvua au ndoo. Weka oda, tutakuhifadhia. Mwenye pampu tunampa vishina vya nyasi vyenye mizizi, tena avipande jioni.

Mzee wa Gongoni hatukumrudishia pesa. Tumemwekea kilo moja kwa nusu bei, na masika ikilowesha ardhi hadi kina cha kiganja, tutakwenda kupanda pamoja naye.