Ada imefutwa, godoro la hosteli nani ananunua?

Mhariri, mimi ni mama ntilie huku Mbarali. Mwaka jana binti wa jirani alifaulu la saba vizuri tu ila baba yake akasema hana hela ya godoro wala sare, basi ng'ombe wa mahari wakaanza kuongelewa pale uani huku mtoto anaosha sufuria anasikia kila kitu, inauma jamani. Sawa ada ilifutwa 2016 na kuoa mwanafunzi ni jela miaka 30, lakini sheria hainunui daftari. Sisi wa kikoba tukachanga, tukapata godoro na tranka la bati, sasa yuko fomu wani. Wenye uwezo hapa Mbeya chukueni hata binti mmoja mumsomeshe mpaka fomu foo, sabuni na pedi ndo zinasumbua zaidi.