YAH: KUFUNGA SHULE, NA MIRIJA ILIYOMO KWENYE MIKOBA YA DARASA LA SITA

Ndugu Wazazi na Walezi,

Shule inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti atakabidhiwa mzazi mwenyewe, si mtoto. Wenye deni la mchango wa uji tuonane ofisini kabla ya siku hiyo. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti.

Sasa Darasa la Sita. Watoto wanarudi nyumbani na mrija wa soda uliozibwa chini kwa udongo wa mfinyanzi, ndani una misumari midogo, ubavuni mistari ya kalamu. Tafadhali msiutupe. Hicho ni kipimo cha densiti ya vimiminika, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, ndugu yake kile wanachotumia kupimia maziwa vituoni.

Baadhi yenu mlikuja kuuliza kwa nini daftari la Sayansi lina kurasa tupu. Mwalimu hakuwapa mchoro wa kunakili. Aliwapa masharti tu: kitu kielee wima, na kitofautishe maji matupu na maji ya chumvi. Mirija mingi ililala ubavu. Mingine ilizama yote. Wakapunguza misumari, wakaongeza udongo, wakarudia. Kundi moja likagundua kwamba mrija mwembamba hutenganisha mistari vizuri kuliko mnene, na hilo hakuna aliyewafundisha. Kanuni ilikuja mwisho: chombo hushuka mpaka uzito wa kimiminika kinachosukumwa ulingane na uzito wa chombo, ndiyo maana kwenye maji ya chumvi, ambayo densiti yake ni kubwa, huzama kidogo kuliko kwenye maji matupu. Kwangu mimi kurasa hizo tupu hazina hasara.

Ila msiende nao kumkamata muuza maziwa kwamba ametia maji. Maji yana densiti ya gramu 1 kwa sentimeta 1 ya ujazo, maziwa ya ng'ombe kama 1.03, tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mrija wa mtoto. Hata kipimo cha kiwandani hudanganyika: maziwa yakienguliwa mafuta densiti yake hupanda, yakitiwa maji kidogo inarudi palepale. Na yaliyokamuliwa sasa hivi hayapimwi mpaka yapoe.

Likizo hii wapime mafuta ya kupikia, sabuni ya maji na juisi, waandike mrija umezama hadi mstari gani. Mafuta ya taa na maji ya betri wasiguse kabisa. Ya betri mwachieni fundi, naye anacho kipimo chake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mkuu