Binti Yangu wa Leicester

Leicester, Uingereza
Oktoba

Kwa Baba Mkubwa, Bombo, Uganda

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mkubwa, shangazi na watoto wote. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza. Pesa za mabati nimemtumia kaka kwa simu. Tafadhali zisiguswe kwa ajili ya karo, karo nitaituma kivyake mwezi ujao. Na yule fundi asikabidhiwe zote kabla hajapaua. Unamjua.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza baada ya zamu, basi nimeshaliegesha gereji, abiria hamna. Sikukujibu kwa sauti kwa sababu mambo ya namna hii nikiyasema simuni nitapandisha, na mtoto hapandishi sauti mbele ya mzee wake. Ndiyo maana naandika. Najua utamwita mtu akusomee mbele ya baraza, nami sina kinyongo. Wasikie wote.

Umesema binti yangu aliwavunjia heshima mwezi wa Agosti, pale alipoulizwa "Wewe mtu wa wapi?" akajibu kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, "Mimi wa Leicester." Umesema nimelea Waingereza weusi, wanaowajua wachezaji wote wa Leicester City na hawajui jina la babu wa baba yao. Ukamalizia na ile methali: mwacha asili ni mtumwa.

Hiyo methali, Baba Mkubwa, kwetu sisi Wanubi wa Uganda ina mkuki ndani yake. Wazee wetu waliokuja na jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri huko, wengi walitekwa vijijini mwao huko kusini mwa Sudan, Wadinka, Wabari, Wamakaraka na wengine, wakaingizwa katika jeshi la Misri bila kuulizwa. Utumwa ndio uliotangulia, asili ikaachwa baadaye. Khartoum ikaanguka mikononi mwa watu wa Mahdi mwaka 1885, Emin akaondoka na Stanley, yule mpelelezi Mzungu, 1889, na wao wakabaki na ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, ng'ambo ya Ziwa Albert, hawana serikali wala mshahara, mpaka Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipowafuata 1891 akawaandikisha upya na kuwaleta Uganda. Njiani na kambini wakaoa kila kabila. Watoto wao wakakua na Kiarabu cha kambini ambacho leo ni Kinubi chetu, wakawa Waislamu, na walipoulizwa wao ni nani hawakusema Wadinka wala Wabari. Walisema Wanubi. Sijasikia kwamba kuna mzee aliyewaitisha baraza kwa hilo.

Unubi tunaoutetea, basi, walioutengeneza ni watoto wa wageni, katika nchi ya ugenini. Sisemi hivyo kuudharau. Nasema ili tusiuweke mbele ya watoto wangu kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

Halafu kuna la mama yao, ambalo katika ujumbe wako hukuligusa. Mke wangu ni Mtoro, Baba Mkubwa. Wewe mwenyewe ulikwenda Fort Portal kumposa, na ulikula vizuri. Zile ngome alizojenga Lugard huko Toro ziliwekwa askari wetu, na Watoro mpaka leo hawajasahau jinsi ng'ombe na chakula chao kilivyochukuliwa na askari hao. Watoto wangu wana damu ya mwenye bunduki na ya mwenye ng'ombe. Wakiambiwa washike asili ya mababu, wana haki ya kuuliza ni babu yupi.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jambo jingine, na nitalieleza taratibu.

Mji huu ninaoishi umejaa Wahindi wa kwetu. Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, watu kama 28,000 walikuja Uingereza, na wengi wao walikuwa na ndugu hapa Leicester. Halmashauri ya mji iliona inazidiwa. Septemba mwaka huohuo ikatoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kulekule Kampala, kuwasihi wasije Leicester. Walikuja vilevile. Leo ukipita Belgrave Road wakati wa Diwali huwezi kusukuma hata kigari cha mtoto kwa wingi wa watu, na halmashauri hiyohiyo inajivunia sherehe hiyo.

Kuna bibi mmoja mwenye duka la vitambaa huko, mzaliwa wa Jinja. Kiswahili chake ni kile cha dukani, cha "lete", "ngoja", "bei gani", na akisikia lafudhi yangu hunishika mkono, hataki niondoke. Gujarat hajawahi kuiona. Wajukuu wake wamezaliwa hapa. Mmoja huniambia Uganda ni hadithi za bibi, hazimhusu. Mwingine ametundika bendera yetu chumbani mwake, yenye korongo, na hata Entebbe hajawahi kutua. Tumbo moja, nyumba moja. Na wote wawili wanakula mogo wa pilipili, ule muhogo wa kukaanga ulio kwenye menyu za Wahindi mji mzima. Rafiki zao Waingereza hudhani ni chakula cha India.

Mwaka 2022, ilipotimia miaka 50, jumba la makumbusho la Leicester liliweka maonyesho ya safari hiyo ya Wahindi. Nikampeleka binti yangu, wakati huo ana miaka 11. Nilidhani ataona picha za Kampala ya zamani afurahi. Akazunguka, akasoma kila kibandiko, maana yeye ni mtu wa kusoma kila kibandiko, hata cha sabuni. Mwisho akanivuta koti akauliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wako karibu: "Baba, hao askari waliowafukuza walikuwa jamaa zetu?"

Baba Mkubwa, ungemjibu nini?

Wewe unajua ni akina nani kutoka Bombo walikuwa jeshini mwaka ule. Mimi najua majina mawili matatu, na najua kwamba yakitajwa nyumbani chai hupoa. Nilimwambia kwamba wapo Wanubi wengi waliokuwa askari wa Amin, wapo waliofanya mabaya, na wapo waliokuwa wapishi na madereva na wakulima tu. Akasikiliza. Akauliza kama bibi wa dukani anajua sisi ni nani. Nikamwambia anajua. "Na bado anakupa punguzo?" Ndiyo, nikasema, bado. Jumamosi iliyofuata akaniomba nimpeleke dukani. Akaichukua ile tabaga, kawa la kufunikia chakula, aliyofumiwa na marehemu habuba, bibi yake, yenye duara jekundu na zambarau, akampelekea yule bibi. Bibi akaigeuza, akaipapasa ukingo kwa kidole gumba, akasema Jinja walikuwa wakizinunua kwa akina mama wa Kinubi kufunikia chapati. Ameitundika nyuma ya mashine ya kuhesabia pesa. Hakukuwa na hotuba yoyote.

Huyo ndiye mtoto mnayesema ameacha asili.

Ninyi mnataka achukue ngoma yetu ya doluka, mkate wa gurusa wa asubuhi na heshima ya kumsalimia mzee kwa kuinama. Vizuri, navitaka pia. Lakini mnamkatia urithi nusu. Vinavyopendeza arusini apewe, vinavyouma vibaki sandukuni. Yeye ndivyo vinavyouma alivyoanza navyo, na akiwa peke yake, maana sisi wakubwa tumenyamaza.

Na kuna jingine. Wewe na mimi tunalijua, wengine barazani huenda hawalijui. Aprili 1979, Kampala ilipoanguka na Amin akapinduliwa, ulitupakia usiku kwenye lori tukiwa watoto. Ulitushika vichwa mmoja mmoja ukatuambia: mkiulizwa, ninyi ni Baganda Waislamu, na mkisalimiwa mjibu Kiganda, Kinubi kisisikike hata mkilia. Tukafanya hivyo miaka mingi. Kwenye rejista za shule niliandikwa Muganda. Wewe ukaenda Sudan, ukarudi baada ya 1986, ukakuta watoto wa ndugu yako wanaota kwa Kiganda. Hukutuita watumwa. Ulishukuru Mungu kwamba tuko hai.

Sikulaumu, ulituokoa. Lakini mtu aliyewahi kumfundisha mtoto kulificha kabila lake asimkasirikie sana mjukuu anayetaja mji wake bila kutazama nyuma ya bega. Aliposema "mimi wa Leicester" hakuwa anamwogopa mtu. Mimi katika umri wake sikuwahi kujibu swali hilo hivyo, popote pale.

Nikuambie na ambalo hamkuliona. Huku Leicester hajiiti wa Leicester. Katika fomu za huku mtu huulizwa asili, na katika sensa ya 2021 aliyeweka alama penye "Mwafrika" alipewa nafasi ya kuandika yeye ni wa kwao gani. Tuliijaza sote mezani, na ni yeye aliyesema tuandike Wanubi wa Uganda. Mke wangu akadai na Watoro. Tukabanabana. Ukimsonga huku atakuambia Bombo, ukimsonga Bombo atakuambia Leicester. Vijana wengi wa huku wako hivyo, Wasomali, Wazimbabwe, hata Wapolandi. Mwenye kuwasonga ndiye anayeamua jibu.

Msidhani basi kwamba nawaunga mkono wazazi wa huku wanaosema "wewe ni Mwingereza, basi." Hao nawaona wanawatupa watoto. Huku mtoto mweusi ataulizwa tu, na dereva wa teksi, na mwalimu, na mama wa rafiki yake: "Lakini hasa unatoka wapi?" Asiye na jibu hujiona mwizi katika nchi aliyozaliwa. Lakini namjua pia baba mmoja wa Kiganda aliyepiga marufuku Kiingereza nyumbani kwake. Mtoto akaacha kuongea nyumbani, Kiganda wala Kiingereza, anaongea na simu yake tu. Baganda wengine wana akili zaidi, hupeleka watoto kwenye kambi za mila za Ekisaakaate za Nnabagereka, malkia wa Buganda, wakati wa likizo, wakajifunza wakicheza. Sisi Wanubi hatuna kitu kama hicho. Tunachoweza ni kuitisha baraza.

Kwa hiyo mimi nitafanya hivi, kwa idhini yako. Kinubi nawafundisha, si vizuri, lakini Jumapili ni Kinubi na gurusa kwa lazima, na anayelalamika alalamike kwa Kinubi. Uraia wa Uganda nitawachukulia pia. Katiba, ibara ya 10, inasema hata aliyezaliwa nje ni raia kwa kuzaliwa iwapo mzazi au babu yake alikuwa raia kwa kuzaliwa, na Wanubi tumo katika orodha ya makabila ya nchi tangu Katiba ya 1995. Wewe ulishakuwa mtu mzima mwenye mvi kabla sheria haijakuandika kwamba ni mwenyeji. Wao wataipata karatasi hiyo bila jasho. Lakini kuwaapisha kwamba wao ni Wanubi na si kitu kingine, hilo sitalifanya, wala sitawaleta barazani kwa ajili hiyo. Wakishapewa yote wataamua wenyewe, na pengine mmoja ataamua hivi na mwingine vile, kama wajukuu wa yule bibi.

Sasa maombi yangu. La kwanza, nitafutie cheti cha ubatizo wa jeshi, samahani, ndivyo baba alivyokuwa akikiita kwa utani, nina maana karatasi za babu za King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Nadhani ziko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi. Kaka azipige picha pande zote mbili. Zitasaidia kwa pasipoti.

La pili ni kubwa zaidi. Binti yangu amekuandikia maswali. Hayako katika barua hii, atayatuma mwenyewe kwa sauti, kwa Kiswahili chake hichohicho. Moja ni kuhusu 1972 na jingine ni kuhusu lori la 1979. Mengine ni majina ya mababu, kwa hiyo hilo la kutojua jina la babu wa baba yake litakwisha. Nakuomba umjibu yeye, si mimi, na umjibu ukweli, hata yale majina mawili matatu. Kama kuna ambayo huwezi kuyasema, mwambie huwezi. Ataelewa kuliko ukimpa hadithi ya arusi.

Desemba atakuja peke yake, tiketi nimeshakata. Asilazimishwe kucheza doluka mbele ya wageni, hapendi kutazamwa. Akitaka mwenyewe atacheza. Shangazi amfundishe kufuma, rafia ataileta ya huku, ina rangi kali kidogo. Nyama ya mbuzi hali, msiibishanie.

Jumapili hii nitapiga saa kumi jioni huku, kwenu itakuwa saa kumi na mbili. Simu ya kaka iwe na chaji.

Wasalaam,
Mwanao wa Leicester