Barua kwa Dada wa Uyole: mizani haijui tofauti ya maji na mafuta

Leeds, Uingereza
18 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta mkiwa wazima, wewe, mama, shemeji na mtoto. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni kali, ingawa aliyekulia Uyole na kuchota maji alfajiri ya mwezi wa saba hana haki ya kulalamika sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema uliacha chumvi kabisa kwa wiki nzima, ukapunguza na ugali, na yule kijana mwenye mizani pale Kabwe akakusomea kilo 3 pungufu; kisha mkaenda msibani Tukuyu, mkala wali na nyama ya mchuzi kwa siku mbili, na uliporudi kwenye mizani ileile ukakuta kilo 2 zimekwisha kurudi. Sasa unaandika kwamba mwili wako umegoma na kwamba umekata tamaa. Niruhusu, mimi mdogo wako, nikubishie kwa heshima. Sehemu kubwa ya kilichopungua ile wiki ilikuwa maji, na kilichorudi baada ya msiba kilikuwa maji hayohayo.

Chumvi, Dada, haina kalori hata moja, kwa hiyo haiwezi kukunenepesha kwa maana ya kuongeza mafuta. Kazi yake ni nyingine: sodiamu iliyomo ndani yake hushikilia maji mwilini, na ukila chumvi nyingi kuliko kawaida yako mwili huyabakiza maji hayo hadi figo zitakapoitoa ziada ya sodiamu, jambo linaloweza kuchukua siku moja au zaidi. Ndiyo sababu baada ya shughuli pete hubana kidole na viatu hukataa mguu. Ugali nao una sehemu yake katika hesabu hiyo, kwa kuwa wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya wanga. Ukiubana mlo, akiba ile hutumika, maji yake huondoka, na mizani hushuka haraka kabla mafuta hayajaguswa sana.

Hili sikulijua kwa kusoma tu. Mwaka juzi, nikiwa kwenye zamu za usiku, nilizoea kula tambi za pakiti saa nane usiku, na pakiti yangu ilikuwa imeandikwa kwamba ina gramu 4.2 za chumvi. Nilikuwa na mizani chumbani na nilikuwa nimeanza kuhangaika na uzito kama wewe. Usiku mmoja nilikula pakiti mbili. Nilipojipima siku iliyofuata nilikuwa nimeongezeka kilo 1.3, na nilikaribia kuitupa mizani dirishani. Baadaye nikafanya hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo ili niongeze kilo 1.3 za mafuta kwa usiku mmoja ningehitaji kalori 10,000 juu ya zile ambazo mwili wangu hutumia, yaani karibu kilo 3 za unga wa sembe zisongwe ugali na mimi niumalize wote peke yangu. Hata mjomba wetu wa Kyela, unayemjua kwa kula, asingeweza.

Sukari ni habari tofauti kabisa, na hapo ndipo ninapotaka uelekeze nguvu zako. Kila gramu yake ni kalori 4, haishibishi, na ikinywewa ndani ya chai au soda tumbo haliihesabu kama chakula, kwa hiyo baada yake bado utakula sahani yako kamili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50 au 25, yaani vijiko vya chai 12 au 6 vilivyosawazishwa. Naandika "vilivyosawazishwa" makusudi, kwa sababu nakijua kijiko cha nyumbani kwetu: mama hukichota kikiwa na kilima juu, na kijiko cha namna hiyo hubeba karibu viwili. Chai ya rangi ya Rungwe unayokunywa vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, hata vingekuwa vilivyosawazishwa, imekwisha kukufikisha kwenye kikomo cha juu hata kabla hujagusa andazi, na soda moja ya mililita 350 huongeza takriban gramu 35.

Hata hivyo, usiyaogope matunda mazima wala maziwa. Ndizi mbivu, embe na sukari iliyomo kwa asili kwenye maziwa havimo katika hesabu hiyo. Shemeji yangu wa Iringa aliwahi kunibishia kwamba ulanzi, kile kinywaji cha utomvu wa mwanzi, nao ni tunda la mwanzi. Ulanzi mbichi ni mtamu kwa sababu ya sukari ya utomvu, na ukichacha sukari ile hugeuka kileo chenye kalori 7 kwa gramu, kwa hiyo hoja yake haikufika mbali.

Ipo pia njia ambayo chumvi hukupeleka kwenye sukari. Fikiria zile chipsi mayai za Mwanjelwa: muuzaji hunyunyiza chumvi, wewe unaongeza nyingine, unamwagia na tomato, kiu inakushika, na mkono unakwenda kwenye soda baridi. Chumvi haikukunenepesha, lakini ndiyo iliyokuagizia soda. Ukila chipsi, agiza maji.

Kwa kuwa nyumbani hakuna mizani ya jikoni, nakupa kipimo kisichohitaji gharama. Mko wanne mnaokula pamoja. Mfuko wa kilo moja ya sukari ukiisha kwa siku tano, kila mmoja wenu ametumia gramu 50 kwa siku; ukifika siku kumi, ni gramu 25. Chumvi, kwa ushauri wa shirika lilelile, isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo kwa watu wanne inapaswa kudumu siku 25 au zaidi. Katika gramu hizo ukumbuke kuhesabu na vile vidonge vya supu unavyovunjia kwenye mchuzi, maana karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na samaki wakavu waliotiwa chumvi. Magadi unayopikia maharage nayo yana sodiamu, ijapokuwa ulimi hauyaiti chumvi. Kwenye pakiti za dukani utaona wengine wameandika chumvi na wengine sodiamu. Ukikuta sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi.

Sasa ombi lako la kutumiwa "chumvi ya kupunguza uzito". Nimeiona dukani huku, na sitaituma, usinikasirikie. Sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu, na potasiamu inaweza kuwa hatari kwa mwenye matatizo ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Mama anatumia dawa za presha na anakula chungu kimoja na wewe. Daktari wake akikubali, tutazungumza tena. Kwake yeye kupunguza chumvi kuna faida halisi kwa sababu ya presha yenyewe, lakini afanye polepole, na dawa asiziache.

Wala usiache chumvi kabisa, wala usihamie kwenye ile ya mawe isiyo na nembo. Unakumbuka shingo ya bibi? Rovu, ule uvimbe wa shingo, lilikuwa jambo la kawaida mno katika nyanda zetu za juu kusini kwa sababu udongo wetu una upungufu wa madini joto, yaani iodini, na chumvi iliyotiwa madini joto ndiyo iliyowanusuru wadogo zetu. Tumia hiyohiyo ya pakiti, ila uitumie kidogo, na kachumbari uitie ndimu na pilipili badala ya kuongeza chumvi mezani. Na zile dawa za kukojoa alizokuuzia rafiki yako, tafadhali zirudishe. Zinatoa maji tu, na pamoja nayo madini ambayo moyo unayahitaji.

Kwa mizani ya Kabwe, nakushauri uende mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, na usiende kamwe siku mbili za mwanzo baada ya shughuli. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, ukaendelea hivyo mwezi mzima, hapo furahi, kwa maana maji hayapungui kwa mtindo huo.

Kesho ukifungua mfuko mpya wa sukari, chukua kalamu ya mtoto uandike tarehe juu yake. Ya chumvi vilevile. Zitakapoisha niandikie zimedumu siku ngapi, na wageni walikuwa wangapi, kwa sababu najua wageni hawakosekani kwetu.

Mpe mama shikamoo yangu, na umsomee barua hii yote isipokuwa pale nilipotaja kijiko chake.

Ni mimi, mdogo wako.